Tiketi ya meli: Ukate mwenyewe au umpe wakala?

UKISHUSHA mzigo karibu na bandari ya Kigoma, kabla hujamaliza kuhesabu magunia, yupo mtu atakayekuwa amekwishakusogelea. "Shikamoo mzee. Unakwenda Karema? Kirando? Nafasi zimekwisha, lakini mimi ninayo. Niachie mimi." Mkulima aliyesafiri kutwa nzima kutoka kijijini, ambaye hata ofisi ya kukatia tiketi haijui ilipo, hutoa fedha na kumshukuru Mungu. Wapo ambao mizigo yao hufika salama. Wapo pia ambao hufika gatini siku ya safari na kukuta majina yao hayamo.

Ndiyo maana katika vijiwe vya Ujiji na Kibirizi mabishano haya hayaishi. Mmoja atasema wakala ni kupe anayenyonya jasho la wengine, na mtu mwenye akili huenda ofisini mwenyewe. Mwingine atasema bila wakala hupati nafasi, utaishia kulala bandarini na magunia yako. Wote wawili wana mifano ya kutosha, na wote wawili wanakosea. Swali la msingi si kumtumia wakala au kutomtumia. Swali ni nani anamlipa, na anamlipa kwa kazi gani.

Udalali si jambo geni katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ujiji ilikua kutokana na misafara iliyotoka pwani, na mtu aliyetaka kuvuka kwenda Kongo alihitaji mwenyeji wa kumtafutia mtumbwi, wapiga makasia na bei. Baadaye ikaja meli. MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ililetwa Kigoma vipande vipande na kuelea ziwani mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilikuwa ikiondoka Kigoma Jumatano jioni, mara moja kila wiki mbili, na kufika Mpulungu, Zambia, siku ya Ijumaa.

Ratiba ya namna hiyo ndiyo inayomzaa wakala. Ukiikosa meli leo, umeikosa kwa wiki mbili. Aidha, vituo vingi vya njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo na ufuko, mitumbwi ikaisogelea, abiria na magunia wakapandishwa ubavuni, mara nyingine usiku wa manane. Mtu wa Kalya au Ikola alimhitaji mtu wa kumwambia meli imeondoka lini Kigoma na itapita saa ngapi. Meli hiyo ilipopumzishwa kusubiri matengenezo makubwa, mizigo mingi ilibaki mikononi mwa boti za mbao ambazo huondoka zikijaa. Hapo habari ikawa mali zaidi.

Kiuchumi basi, wakala ana bidhaa tatu anazouza: habari, muda wake wa kusubiri, na kujuana kwake na wenye chombo. Bidhaa hizo ni halali na zina thamani. Tatizo huanza pale mteja anapouziwa kitu ambacho angekipata bure dirishani, au anapolipishwa bila kujua amelipa kiasi gani kwa ajili ya nini.

Zipo njia tatu ambazo wakala hulipwa. Ya kwanza ni kamisheni kutoka kwa mwenye chombo: mteja hulipa nauli ileile ya dirishani, na wakala hupewa fungu lake na kampuni. Ya pili ni ada ya wazi: nauli ni kiasi fulani, ujira wangu ni kiasi fulani, na risiti ya nauli hii hapa. Ya tatu ni "cha juu": wakala hutaja bei moja tu, huenda dirishani akalipa nauli halisi, na tofauti huingia mfukoni mwake. Mteja hajui nauli ilikuwa ngapi. Vishoka wengi huishi kwa njia hii ya tatu.

Hata katika nchi zilizoendelea suala hili limeleta mvutano. Kwa miongo mingi mashirika ya ndege ya Marekani yaliwalipa mawakala kamisheni kwa kila tiketi. Mwaka 1995 shirika la Delta liliweka ukomo wa kamisheni hiyo, na mwaka 2002 likaifuta kamisheni ya msingi kwa tiketi zilizouzwa nchini humo. Mashirika mengine makubwa yakafuata. Mawakala wakalazimika kumwambia mteja waziwazi: hii ni nauli, na hii ni ada yangu. Kwa upande wa meli kubwa za starehe, kampuni zimeendelea kuwalipa mawakala kamisheni, hivyo abiria anayekwenda kwa wakala mara nyingi halipi zaidi ya yule aliyekata moja kwa moja. Mawakala hawakutoweka. Waliobaki ni wale ambao kazi yao inaonekana.

Sasa chukua mfano wa hapa nyumbani. Viwango vilivyomo ni vya kufanyia hesabu tu, si bei za bandari. Mfanyabiashara wa Ujiji ana mifuko 20 ya chumvi ya Uvinza anayotaka kuipeleka Kirando. Dirishani kila mfuko ni Sh4,000, jumla Sh80,000. Wakala anataka Sh6,500 kwa mfuko, jumla Sh130,000. Tofauti ni Sh50,000. Akienda mwenyewe atapanda daladala mara mbili na kufunga genge lake nusu siku, gharama ambayo ikihesabiwa vizuri haizidi Sh15,000. Akikata mwenyewe amebakiwa na Sh35,000. Huyu hana sababu ya kumtafuta wakala.

Mwenzake ni mkulima wa kijiji kimoja cha Kasulu mwenye magunia 20 ya maharage yanayokwenda bandari hiyohiyo, kwa bei hizohizo. Akitaka kukata mwenyewe itambidi aje Kigoma na kusubiri siku nne. Nyumba ya wageni Sh40,000, chakula Sh32,000, nauli ya kwenda na kurudi Sh20,000. Jumla ni Sh92,000, ili aokoe Sh50,000. Amepata hasara ya Sh42,000, na shamba limekaa siku nne bila mwenyewe. Kwa mkulima huyu wakala ni nafuu, hata kama cha juu chake kinauma.

Lakini hesabu haiishii hapo. Wakulima watano wa kijiji hicho, kila mmoja akiwa na magunia 20, wakimtuma mwenzao mmoja mwaminifu, zile Sh92,000 zinagawanywa kwa watano. Kila mmoja anachangia Sh18,400 badala ya kumpa wakala Sh50,000. Kila mmoja ameokoa Sh31,600. Hapo wakala hakufukuzwa kwa matusi wala kwa mabango. Wakulima wamemgeuza mwenzao kuwa wakala, na malipo yake wanayajua. Hii ndiyo kazi ambayo vyama vya msingi vya ushirika na vikundi vya wakulima vingeweza kuifanya, badala ya kuishia kwenye kusubiri mbolea.

Suala la lumbesa nalo linaingia humu. Makuli na vishoka wengi hutoza kwa gunia, na mkulima hufikiri akishindilia gunia hadi likavimba amewapunja. Anasahau kwamba meli inayotoza kwa uzito italipima, na kwamba akifika sokoni mnunuzi ataliita lile lile gunia moja. Faida ya lumbesa huishia kwa wengine. Anayepima mzigo wake kwa mizani kabla ya kuufikisha bandarini hujua ana kilo ngapi, na hawezi kudanganywa na wakala wala na dirisha.

Lipo jambo zito kuliko fedha, nalo ni jina. Tiketi ya abiria na hati ya mzigo vina kazi mbili: kuthibitisha malipo, na kuonyesha nani na nini kimo chomboni. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, mamia ya watu walikufa, na hadi leo idadi kamili haijulikani kwa uhakika, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, ilikuwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake wa watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Anayepandishwa kwa mlango wa nyuma na kishoka, baada ya kuambiwa nafasi zimekwisha, ndiye anayekizidishia chombo uzito. Likitokea la kutokea, familia yake haina karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwemo.

Hali ni hiyohiyo kwa mzigo. Ikiwa hati imeandikwa kwa jina la wakala, machoni mwa mwenye chombo mwenye mzigo ni wakala. Maharage yakilowa au chumvi ikipotea, mkulima atadai kwa nani?

Kwa hiyo, anayemtumia wakala anapaswa kudai mambo manne kabla ya kutoa fedha. Kwanza, aambiwe nauli ya dirishani ni kiasi gani na ada ya wakala ni kiasi gani, kila moja peke yake. Pili, apewe risiti ya chombo chenyewe, si kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari. Tatu, jina lake na uzito wa mzigo wake viandikwe kwenye hati. Nne, wakubaliane kabisa nini kitatokea chombo kikiahirishwa. Wakala anayekataa mambo hayo ni wa kuachwa, hata kama anafahamika mtaa mzima. Na akisema nafasi zimekwisha, mkulima atembee hadi dirishani akaulize. Kuuliza ni bure.

Wenye vyombo na mamlaka nao hawawezi kukaa pembeni. Kishoka hustawi gizani. Bango moja kubwa la Kiswahili lenye nauli za kila kituo na viwango vya mizigo, likibandikwa Kigoma, Kibirizi, Karema, Kirando na Kasanga, litawaondoa vishoka wengi kuliko operesheni za polisi. Leo mkulima hulipia mbegu kwa simu akiwa shambani, na si ajabu akaweza kulipia nafasi ya mzigo kwa njia hiyohiyo, akatumiwa ujumbe wenye jina lake na tarehe ya safari. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndilo msimamizi wa usafiri wa majini. Kuwataka wenye vyombo watangaze nauli na kuwatambua mawakala wao kwa vitambulisho si jambo linalohitaji mabilioni.

Wakala mwaminifu hana cha kuogopa katika hayo yote. Nauli ikiwa wazi, atabaki na wateja wa mbali wanaouhitaji muda wake kwelikweli, na atalipwa bila kunung'unikiwa. Atakayepoteza ni yule aliyekuwa akiuza giza.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima wa mwambao wa Tanganyika ajue kwanza nauli ya dirishani, apige hesabu ya siku zake na gharama zake, ndipo aamue kwenda mwenyewe, kumtuma mwenzake au kumpa wakala.