Namua ya Barazani Nayo Iandikwe

Wapo wanaoamini kwamba mchezo unaostahili kuchunguzwa ni wa bingwa peke yake. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo: anayetaka kuimarisha mwanzo wa mchezo wake atafaidika zaidi na mchezo wa mtu wa kiasi chake, madhali umeandikwa.

Wachezaji wa sataranji wamelitambua jambo hili zamani. Katika mashindano rasmi, hata mwanachama wa klabu ndogo huandika kila hatua, yake na ya mwenziwe. Baadaye huketi na karatasi yake akatafuta pale alipoiacha njia iliyozoeleka na jinsi alivyoadhibiwa. Bingwa ni nadra kukosea hivyo, kwa hiyo mchezo wake hauonyeshi adhabu hiyo. Mhispania Ruy López alichapisha kitabu cha sataranji mwaka 1561, na mpaka leo ufunguzi mmoja mashuhuri unaitwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo faida ya kuandika.

Tuje kwetu. Katika bao la Kiswahili, linalochezwa barazani katika pwani yetu, kila mchezaji ana kete 32. Hutandaza kumi: sita katika nyumba, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele, na mbilimbili katika la sita na la saba. Zilizobaki 22 ni za kunamulia. Anayeanza hana cha kula. Hana budi kutakata kwa kutia kete moja katika la sita au la saba, kisha azisambaze zote tatu kulia au kushoto. Ana njia nne tu. Akielekea kulia, mpinzani naye hatapata cha kula. Akielekea kushoto, kete moja itatua mkabala wa nyumba ya mpinzani, na vita vitaanza papo hapo, maana mwenye cha kula haruhusiwi kutakata.

Je, ipi kati ya njia hizo nne huwafaa vijana wa Diani na Msambweni, na huwageukia wapi? Majibu yamo vichwani mwa wazee. Alexander de Voogt aliwachunguza mafundi wa Zanzibar katika kitabu chake cha mwaka 1995, na kazi yake ni ya thamani. Lakini anayejifunza anahitaji pia kumwona mchezaji wa kawaida akiipoteza nyumba yake mapema.

Huenda mtu akasema kwamba bao huenda kasi, kalamu haitalifuata. Naam, lakini hatuhitaji mchezo mzima. Hatua kumi za mwanzo zatosha, na kila moja huandikika kwa nambari ya shimo na upande: sita kushoto, saba kulia. Pamoja nazo tutayanasa maneno yanayotamkwa pale pale, kama vile kimbi, kichwa na kutakata, ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuyajua kwa matumizi, si kwa kamusi tu.

Basi, mwanachama utokaye Kwale, likizo ijayo chukua daftari. Wasalimu wazee, omba ruhusa, keti kando uandike. Nacho chama chetu kitenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa mchezo mmoja wa barazani, pamoja na maelezo ya mahali ulipoharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bao ufa huanzia kwenye namua.