Mwenye kutaka kuacha pombe, aende wapi na saa ngapi?

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, kutafuta kanyanga si kazi. Kila kartie ina mlango unaojulikana, na mwenye kukosa bei ya Primus anapata pombe kali ya kichupa cha plastiki kwa franka kidogo. Mara kwa mara viongozi wanatangaza kwamba pombe hizo zimekatazwa, lakini hazikawii kurudi mezani. Sasa mtu akiamka asubuhi moja na kusema amechoka, anataka kuacha, yeye aulize nani? Mlango wake ni upi?

Wengi wanapelekwa hospitali ao kanisani. Hospitali ni lazima kwa yule aliyekunywa kila siku miaka na miaka. Akikata pombe kwa gafula anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kuanguka kifafa, hata kufa, zaidi katika siku tatu za kwanza. Familia zinazomfungia ndani ya chumba na jagi la maji zinafikiri zinamsaidia, kumbe zinacheza na maisha yake. Afike kwanza kwa munganga. Bukavu kuna kituo cha SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, vyote vya kutunza magonjwa ya akili.

Lakini siku ya kutoka hospitali, anarudi kwenye avenyu ileile. Nganda ni ileile, marafiki ni wale wale, na wimbo wao ni mmoja: glasi moja tu, haitakuua. Munganga hayuko pale saa kumi na mbili jioni, siku ya mshahara.

Kanisani nako kuna shida yake, hata kama wengi hawapendi isemwe. Mtu anapewa mikro mbele ya waamini wote, anashuhudia kwamba Mungu amemufungua, watu wanapiga makofi. Juma lifuatalo anakunywa. Atarudi na uso gani? Ushuhuda wa ushindi hauna nafasi kwa mwenye kuanguka mara ya pili, na wenye kuacha pombe wengi wanaanguka mara ya pili, hata ya tano.

Ndiyo sababu mkutano wa wenye kuacha pombe ni kitu kingine kabisa. Mtindo unaojulikana zaidi duniani ni ule wa Alcooliques Anonymes, ulioanza 1935 katika muji wa Akron, Marekani. Watu wanakaa kwa viti, saa moja ao saa moja na nusu. Kila mtu anataja jina lake la kwanza tu. Mmoja anasema, wengine wanasikiliza. Hakuna wa kumjibu, hakuna wa kumhubiri. Mgeni anaweza kunyamaza mpaka mwisho. Hakuna ada ya kuingia: kinapitishwa kikapu, mwenye nacho anatia. Sharti ni moja tu, kutamani kuacha kunywa. Aliyekunywa jana anarudi leo na kusema nilianguka, na kiti chake bado kiko.

Na si maneno matupu. Mwaka 2020 watafiti walikusanya masomo 27 yenye watu zaidi ya 10.000, wakaona kwamba kusukuma watu kuingia katika mikutano hiyo kunasaidia wengi kukaa bila pombe kabisa, sawa na matunzo mengine ao kuyapita.

Kinachokosa kwetu hasa ni tangazo. Kituo kinachotunza walevi kiandike ukutani siku, saa na chumba cha mkutano, na kama hakuna mkutano, wanganga wawaulize waliopona kama wako tayari kuanza. Parokia na makanisa yana vyumba vitupu jioni za katikati ya juma. Wavikopeshe, bila pasta kuja kukaa ndani. Mwenye simu na megabaiti anaweza kuingia mikutano ya Kifaransa kwenye intaneti, ni afadhali kuliko kukaa peke yake, ingawa wengi wanaoumia zaidi hawana hiyo simu.

Wengine watasema kwamba huku siri haiwezekani, kila mtu anamjua mwenzake. Ni kweli kwa sehemu. Basi mtu wa Kadutu ahuzurie kule Ibanda, wa Katindo avuke aende Majengo. Na wamama wafikiriwe zaidi, kwani mwanamume mlevi anachekwa, lakini mwanamke mlevi anafukuzwa nyumbani, ndiyo maana anakunywa kwa kujificha na anachelewa kuomba msaada. Mkutano wao peke yao, mchana, wakati watoto wako shuleni, ungeleta wengi.

Asiwepo wa kusema tungoje mradi na pesa za wafadhili. Watu wanaojua kukutana kila juma kwa likelemba bila kukosa, na kutunza hesabu ya kila mmoja, hawana la kufundishwa juu ya kukutana. Kule Akron walianza watu wawili, mmoja munganga wa upasuaji, mwingine mfanyabiashara, wote walevi. Wa tatu walimkuta kwenye kitanda cha hospitali. Hakuwatafuta, wao ndio walimwendea.