RUZUKU YA NGOMA NI HAKI, SI SADAKA

Wananchi! Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Leo mgeni huvutwa Unguja kwa taarabu hiyo hiyo. Twauliza, mpiga udi apata nini? Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara halikufanyika, kwa kuwa fedha za wafadhili hazikutosha. Nchi itumbuizwe kwa hisani ya balozi za watu, na Serikali ikae kimya? Aibu iliyoje! Twataka fungu la kodi ya mahoteli litengwe kwa vikundi vya shehia, khasa kidumbaki na msewe wa Pemba, na majina ya wapewao yabandikwe hadharani, pasi na kuulizwa mtu kadi yake ya chama.