Kutu ya soya ipimwe hapa kwetu: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI)

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mkulima wa soya Kilolo, mkoani Iringa. Msimu uliopita soya yangu iligeuka manjano maganda yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kujaa. Jirani akanipongeza kwamba mwaka huu navuna mapema. Nikamgeuzia jani tumbo juu, akalipitishia kidole. Kikatoka na vumbi la rangi ya ugoro. Kutu. Majani yakapukutika, maganda yakabaki mabapa, na nilichopura hakikurudisha hata gharama ya palizi.

Kuvu wa ugonjwa huu, Phakopsora pachyrhizi, husafiri na upepo, na jani likilowa kwa muda wa saa 6 hivi humtosha kuota. Huku kwetu, na Mbeya pia, kuna asubuhi za masika ambazo ukungu hauondoki shambani mpaka saa nne. Dawa ipo, lakini kwa mwenye eka mbili, kupiga bomba mara mbili tatu ni kumaliza faida kabla ya kuvuna.

Uganda walipitia haya kabla yetu. Kutu iliwaingilia mwaka 1996. Profesa Phinehas Tukamuhabwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere wakatafuta soya inayohimili, wakaizalisha, na mwaka 2004 wakulima wakapata mbegu ya Maksoy 1N. Kwa nini basi tusiilete tu hiyo? Kwa sababu kutu si moja. Wanasayansi wametambua jeni za soya zinazoikinga, wakaziita Rpp1 hadi Rpp7, na kila moja huzuia baadhi ya kutu na kushindwa na nyingine. Brazili ilipata kutu mwaka 2001, na haikuchukua muda kuvu akazoea baadhi ya jeni hizo. Jeni inayosimama Kampala inaweza kuanguka Mbeya.

Ombi langu ni hili. Kabla hamjachagua wazazi wa mbegu ijayo, pandeni soya zenye jeni hizo, kila moja kwenye mstari wake, katika kituo chenu cha Uyole, Mbeya, na pia katika kituo chenu kidogo cha Seatondale hapa Iringa. Msizipige dawa msimu mzima. Rudieni mwaka unaofuata, maana kuvu hubadilika. Na tafadhali, Iringa isihukumiwe kwa matokeo ya Uyole peke yake.

Zikipatikana jeni zinazosimama, ziunganishwe mbili au tatu katika mmea mmoja, ili kuvu akivuka moja akutane na nyingine. Hapo macho hayatoshi: mmea wenye jeni moja na wenye tatu yote itaonekana mizima. Kipande cha jani la mche kikipimwa vinasaba maabara, mtajua upi wa kuendelea nao bila kupoteza misimu.

Najua neno jeni linatia watu hofu, hasa baada ya majaribio ya mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, kituoni kwenu Makutupora kusimamishwa mwaka 2018. Waelezeni wakulima waziwazi kwamba hapa soya inachavushwa na soya, na maabara inasoma tu kilichorithiwa.

Fedha za kazi hii ziwe zetu. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada ya USAID, maabara ya soya ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyosaidia majaribio ya mbegu katika nchi nyingi za Afrika, iliachwa mikono mitupu. Kuijua kutu ya mashamba yetu hakufai kusubiri bajeti ya nchi nyingine.

Matokeo yaleteni Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na mbegu zilizoshindwa zioneshwe pia. Sisi ndio tulionunua mbegu bila kujua kama zinahimili kutu.

Nina nusu eka kando ya kijito, mahali ambapo kutu huanzia kila mwaka. Naitoa kwa majaribio. Nitaiacha bila kupanda mpaka katikati ya Desemba, nikiwasubiri watu wenu.

Mkulima wa soya,
Kilolo, Iringa