Umati wa Kukodi

Iko biashara moja inayokua upesi katika nchi zetu, nayo haina duka, haina ghala, wala haitoi stakabadhi. Bidhaa yake ni sifa. Mtu mwenye fedha aweza leo asubuhi kuagiza wafuasi elfu kumi katika mtandao wa kijamii, na kabla ya jua kutua wakawa wamekwisha fika, kila mmoja na jina lake na picha yake, wote wakimpigia makofi. Hawali, hawalali, hawana mama wala kijiji. Ni watu wa bandia. Tena wapo wanaomsifu ambao ni watu kweli, lakini wamelipwa kwa kila neno, na kesho akitokea mwenye fedha zaidi watamtukana yule wa jana kwa bidii ile ile waliyomsifia.

Msomaji aliyepata kusafiri kwa basi anaujua ujanja huu tangu zamani. Abiria hawapendi kuingia katika basi tupu, maana wanajua litachelewa kuondoka. Basi wapiga debe huwaketisha vijana wanne watano vitini, wengine wamepakata mabegi, wakajifanya wasafiri. Abiria wa kweli hupita, akachungulia dirishani, akaona watu, akapanda na kulipa nauli. Akishakaa, wale vijana huanza kushuka mmoja mmoja, huyu akienda kununua maji, yule akiitwa na ndugu yake, na hakuna arudiye. Aliyedanganywa hivyo amepoteza saa moja ya safari yake. Lakini ujanja huo ukipelekwa katika uchaguzi, au katika shauri lililo mbele ya majaji, au katika mgogoro wa mishahara baina ya wafanyakazi na mwajiri wao, hasara yake haihesabiwi kwa saa.

Wala tusidhani kwamba hayo ni maneno ya barazani. Mwezi Januari mwaka 2018 gazeti la New York Times la Marekani lilifichua habari za kampuni iliyoitwa Devumi, ambayo kazi yake ilikuwa kuuza wafuasi wa mtandao wa Twitter. Ilikuwa na akiba ya akaunti zisizopungua milioni 3.5 zilizoendeshwa na mitambo, nayo iliziuza tena na tena hata ikawapa wateja wake wafuasi zaidi ya milioni 200. Wateja hao walikuwamo waigizaji, wanamichezo, wafanyabiashara na wanasiasa, watu ambao mtu angedhani wana sifa za kuwatosha. Tena akaunti zisizopungua 55,000 zilikuwa zimetengenezwa kwa majina na picha za watu halisi walio hai, baadhi yao watoto, wasiojua kabisa kwamba nyuso zao zimetiwa sokoni. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilimpiga marufuku mwenye kampuni hiyo asiendelee na uchuuzi huo, na mwezi Agosti mwaka 2024 ikatoa kanuni ya kukataza kununua na kuuza wafuasi wa bandia kwa manufaa ya biashara.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Wamarekani na tuwaachie wenyewe, na atazame jirani. Mwezi Septemba mwaka 2021 watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walitoa taarifa yao chini ya shirika la Mozilla. Wakati huo nchi ile ilikuwa ikibishania mpango wa kubadili katiba ulioitwa BBI, ambao Mahakama Kuu ilikuwa imeuzuia mwezi Mei. Watafiti waliwakuta vijana wakilipwa kiasi cha dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu katika siku moja. Walikusanywa katika makundi ya WhatsApp, wakapewa maneno ya kusema na saa ya kuyasema, na shabaha ilikuwa kulipandisha neno lao juu ya orodha ya mambo yanayozungumzwa zaidi, ili mwananchi afunguapo simu yake aamini kwamba taifa zima limewakasirikia majaji na watetezi wa haki. Taifa zima lenyewe lilikuwa shambani na viwandani, likifanya kazi.

Uganda nako, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, Facebook iliondoa akaunti ambazo ilisema zinahusiana na ofisi ya wizara ya serikali, na serikali ikajibu kwa kuufunga mtandao huo. Mwezi Desemba mwaka huo huo Twitter ikatangaza kuondoa akaunti 418 za namna hiyo zilizokuwa zikimpigia debe Rais Museveni na chama chake. Katika tangazo lile lile zilikuwamo akaunti 268 za hapa kwetu Tanzania, na hila yake ilikuwa ya peke yake. Hizo hazikuwa na kazi ya kusifu. Zilikuwa zikipeleka mashitaka ya uongo juu ya watu wa kundi la FichuaTanzania ili wafungiwe. Maneno ya mtu yalichukuliwa, yakawekwa katika ukurasa mwingine yakiandikwa tarehe ya nyuma, kisha mwenyewe akashitakiwa kwamba ameyaiba. Yaani mwizi alikimbilia kituoni kumshitaki mwenye mali kwa wizi! Tangazo lile halikumtaja aliyewatuma. Lakini awe nani, na awe alidhani anamtumikia nani, gazeti hili haliwezi kuiita kazi hiyo utumishi. Ukiwa huna jibu la hoja ya mtu, kumziba mdomo kwa cheti cha kughushi hakukupatii jibu.

Wazee wetu, walipojenga siasa ya nchi hii, waliwaita wanyonyaji kupe, na neno hilo liliwaumiza walioitwa. Siku hizi vijana wetu wamejichagulia mdudu wao wenyewe. Hujiita chawa, tena kwa fahari, na wapo wanaojinadi kuwa ni chawa wa fulani kama vile mtu atajavyo cheo. Chawa hukaa penye nywele za mwenye nacho, husifu akohoapo, hucheka kabla mzaha haujaisha. Twaweza kucheka nao, maana lugha ina utani wake. Lakini tuulize kinachowafikisha huko. Kijana aliyemaliza shule, asiye na ajira, mwenye simu iliyopasuka kioo, huambiwa kwamba akiandika maneno ishirini ya sifa kila siku atapata fedha ya vocha na chakula. Hana mkataba, hana bima, hana chama cha wafanyakazi, na siku bwana wake akianguka huanguka naye. Huyo ni kibarua wa ulimi. Lawama yetu ya kwanza haimwendei yeye, humwendea amlipaye.

Na yupo mwingine anayefaidi ambaye hatumwoni. Kampuni zenye mitandao hii hazijengwi kwa kweli wala kwa uongo, hujengwa kwa macho ya watu. Kadiri tunavyotazama ndivyo zinavyouza matangazo. Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, mwaka 2023 ilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 130, na karibu yote yalitokana na matangazo. Neno la kugombanisha hutazamwa kuliko neno la kupatanisha, na mtambo hulipandisha juu kwa sababu hiyo tu. Ni kweli kwamba kampuni hiyo hufagia: katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2020 peke yake ilisema imefuta akaunti za bandia kiasi cha bilioni 1.3. Lakini hesabu hiyo yenyewe yatuonyesha ukubwa wa jalala. Twitter nayo ilikuwa na alama ya buluu iliyothibitisha kwamba mwenye jina ndiye kweli. Elon Musk alipoinunua mwezi Oktoba mwaka 2022, alama hiyo ikaanza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Haikupita muda, mwezi Novemba, mtu mmoja akajifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akanunua alama, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Wagonjwa wa kisukari waliosoma habari ile walifurahi kwa saa chache. Muhuri uuzwao kwa kila ajaye na nauli si muhuri tena.

Twarudi kwetu, maana hapo ndipo penye uzito. Madhara ya umati wa kukodi humpata kwanza yule aliyeukodi. Kiongozi anayefungua simu yake kila alfajiri akakuta maelfu wakimwambia kwamba hajapata kutokea kama yeye ni sawa na nahodha aliyeipaka rangi dira yake ili ionyeshe bandari aipendayo. Mbolea haijafika wilayani, lakini simu yasema wakulima wanashangilia. Zahanati haina dawa, lakini simu yasema akina mama wanacheza ngoma. Siku atakapotoka akaenda mwenyewe uwanjani, atakuta viti vitupu na nyuso zilizonuna, naye atadhani amehujumiwa, kumbe amejihujumu. Mwaka 1954 TANU ilipoanzishwa, nguvu yake ilipimwa kwa kadi, na nyuma ya kila kadi alikuwapo mtu ajulikanaye nyumba yake na jirani zake. Mtu wa namna hiyo aliweza kusimama mkutanoni akapinga, na kwa sababu aliweza kupinga, makofi yake yalikuwa na thamani.

Humpata pili mfanyakazi. Mwenye mali ana magazeti, ana mawakili, ana marafiki. Mfanyakazi ana neno lake tu, kwamba hili nimeliona kwa macho yangu na hili limenipata mimi. Watu wakizoea kwamba kila asemaye mtandaoni amelipwa, basi siku msichana wa kiwandani atakapoeleza kwamba anakatwa mshahara isivyo haki, ataulizwa: umetumwa na nani? Hayo ndiyo mavuno ya uongo wa kulipiwa. Watu wanaoamini uongo hupungua upesi, lakini wanaokataa kuamini kweli huongezeka, nao hawarudi kirahisi.

Hapa inafaa tuwakumbuke wafanyakazi ambao kazi yao ni kusafisha uchafu huu. Jijini Nairobi mamia ya vijana waliajiriwa na kampuni za ukandarasi ili wachuje picha za mauaji na ukatili zisifike machoni petu. Mwezi Februari mwaka 2022 jarida la Time liliandika kwamba baadhi yao hulipwa kiasi kidogo kama dola 1.50 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023, siku ya wafanyakazi, zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Watu hao walijitokeza kwa nyuso zao, na baadhi yao kwa majina yao, wakijua kwamba waweza kupoteza kazi. Wachache wale wana uzito kuliko milioni za Devumi.

Jambo moja yatupasa kulitenga wazi, maana wapo watakaotumia hoja hii kudai kwamba kila asiyetaja jina lake akamatwe. Hasha. Mtu asiye na jina si sawa na jina lisilo na mtu. Tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, magazeti ya Kiswahili yamechapa mashairi ya watu waliojificha chini ya lakabu, na hakuna aliyewaita waongo, maana aliyeandika alikuwa mtu, na alichosema kilikuwa chake. Karani anayeogopa kufukuzwa, mwanafunzi anayemwogopa mwalimu mwovu, mke anayepigwa, hao wana haki ya kufunika uso. Asiye na haki hiyo ni yule anayevaa nyuso arobaini ili aonekane ni watu arobaini. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekwisha kataza mtu kujifanya mtu mwingine. Tunataka itumike sawa kwa rafiki na kwa hasimu, wala isiwe fimbo ya kuchapia upande mmoja.

Kwa wanachama wenzetu tuna maombi ambayo hayahitaji fedha wala kamati. Mwenye kusema na aseme kwa kinywa chake, na akiwa amelipwa aseme kwamba amelipwa, kama vile gazeti hili liandikavyo neno Tangazo juu ya tangazo. Matawi yasikubali hesabu ya wafuasi wa simu kuwa hoja katika kuteua wagombea. Aulizwe mtu amehudhuria mikutano mingapi, na nani kati ya majirani zake anamjua. Na viongozi wenye vijana wa kuwasifu katika daftari la malipo, ikiwa wanawapenda, na wawatafutie kazi yenye mkataba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mwananchi anapomwona mtu anatembezwa sana hujiuliza sababu.

Gazeti hili lingependa kusikia kutoka kwa wale waliowahi kufanya kazi hiyo: nani aliwaita, waliambiwa nini, walilipwa kiasi gani na mara ngapi hawakulipwa. Waandike kwa Mhariri, katika karatasi au kwa simu, wakitaja jina na mahali wanapokaa ili tujue kwamba tunazungumza na mtu. Akitaka jina lake lisichapwe halitachapwa, na atajichagulia lakabu atakayo.