Baraka: Kabla ya kununua pikipiki, uliza piesi

Huku Baraka motari wanabishana kila siku: TVS ao Boxer? Zote zinatoka India, zote zinatumia mnyororo, na fundi wa huku anazijua. Shida ni piesi. Mvua ao vita ikikata barabara ya taifa namba 5 kutoka Uvira, bei inapanda. Pikipiki inalala kwa fundi, lakini mwenye nayo anangojea pesa yake ya jioni. Motari ndiye anabaki na deni.

Kuna wenye kutamani skuta, sababu haina kubadilisha gia. Kwenye lami ya Bujumbura, sawa. Ila magurudumu yake ni madogo, na inatembea kwa mkanda wa mpira. Ukikatikia kwenye matope ya kupanda Fizi-Centre, huo mkanda utaupata wapi?