Kitabu kizuri hakijiuzi

Watu wetu wanapokutana huulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za shamba na za mvua. Yakiisha hayo, huulizana habari za mpira na bei ya unga. Lakini liko swali moja lisilosikika katika maamkizi hayo marefu, nalo ni hili: "Unasoma kitabu gani siku hizi?" Ukimwuliza mtu swali hilo njiani, huenda akadhani kwamba unamtania au unampa mtihani. Leo tunapenda kulizungumzia swali hilo, kwa sababu tunaamini kwamba kutoulizana kwetu kunalipotezea taifa mali nyingi ambayo haionekani kwa macho.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatuna ugomvi na wahenga. Methali hiyo inafaa kwa embe, kwa samaki na kwa kanga, vitu ambavyo mnunuzi huviona na kuvishika kabla ya kutoa fedha yake. Kitabu si bidhaa ya namna hiyo. Uzuri wake umefichwa ndani, na jalada lake laweza kudanganya. Anayeujua utamu wake ni yule tu aliyekwisha kukisoma hadi ukurasa wa mwisho. Mtu huyo akinyamaza, kitabu hubaki rafuni kikijaa vumbi, na mwenye duka, akiona hakinunuliwi, haagizi kingine. Mchapaji naye, akiona maduka hayaagizi, hachapi tena. Hivyo ndivyo kitabu kizuri kinavyokufa bila msiba wala matanga.

Mfano hatuna haja ya kuutafuta mbali. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilitangazwa kutoka Stockholm kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ndiye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka huo. Taifa lilifurahi, na lilikuwa na haki ya kufurahi. Lakini baada ya shangwe, wengi wetu tuliulizana: ni nani huyu, na ameandika nini? Riwaya yake ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka 1987, yaani miaka 34 kabla ya siku ile. Ni kweli kwamba aliandika kwa Kiingereza, akiishi Uingereza, na vitabu vyake havikuwa rahisi kupatikana katika maduka yetu. Hata hivyo, walikuwapo miongoni mwetu watu waliovisoma. Walivisoma, wakavifunika, wakanyamaza. Ikatubidi tungojee kuambiwa na wageni kwamba mtoto wa kwetu ameandika habari za pwani yetu. Mwaka 1994 alikuwa ametoa riwaya iitwayo Paradise, na mwaka 2022 tu ndipo ilipotoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Tunaipongeza kazi hiyo. Lakini swali linabaki: ni Gurnah wangapi wengine wamo rafuni, wakiwamo wanaoandika kwa Kiswahili papa hapa nchini, ambao tunangoja tuambiwe habari zao na watu wa mbali?

Wapo watakaojibu kwamba Watanzania si watu wa kusoma. Jibu hilo hatulikubali hata kidogo. Mwaka 1967 takriban asilimia 67 ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi kiasi cha asilimia 10. Wazee walishika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe. Akina mama walikwenda darasani jioni, wakiwa na watoto mgongoni. Watu wasiopenda kusoma hawafanyi kazi kubwa namna hiyo.

Tena watu hao hawakusoma kila mtu peke yake. Mwaka 1973 ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kujifunza. Walikutana chini ya miti na katika vyumba vya madarasa, wakasikiliza redio, wakasomeana kijitabu, kisha wakajadiliana: hili limesema nini, nasi tutafanya nini? Baada ya hapo walichimba vyoo, wakafyeka majani yaliyozunguka nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Kijitabu kilekile, kama kila mtu angepewa chake akakisome kitandani, kisingechimba choo hata kimoja. Nguvu yake ilitokana na watu kukizungumza.

Tumeukumbusha mfano huo kwa sababu somo lake tumelisahau. Hapo katikati kusoma kumegeuka kuwa jambo la mtihani. Mwanafunzi husoma riwaya kwa kuwa imo katika orodha ya wizara, huchambua wahusika na dhamira zake, hupata alama zake, na siku anapotoka katika chumba cha mtihani huagana na vitabu kama mtu anavyoagana na deni. Hakuna aliyemwambia kwamba kipo kitabu kingine, ambacho hakimo katika orodha, ambacho kingemfanya asahau usingizi. Na ujuzi wa kusoma ni kama jembe. Usipotumika hushika kutu. Kijana aliyemaliza shule bila ya rafiki wa kumwelekeza kwenye kitabu cha pili yumo hatarini kurudi kule ambako babu yake alitoka kwa jasho.

Kwa hiyo hatuzungumzii starehe ya wasomi wachache. Tunazungumzia uhai wa elimu yenyewe.

Hata hivyo, kupendekeza kitabu ni kazi yenye adabu zake, na hapana budi tuzitaje. Ya kwanza ni kwamba mtu apendekeze kitabu alichokisoma, si alichosikia kikitajwa. Ya pili, aseme kinahusu nini na kinamfaa nani, maana kitabu kinachomfaa mwalimu huenda kisimfae fundi seremala wala binti wa darasa la sita. Ya tatu, aseme kweli. Kama mwandishi amechosha katikati, na isemwe. Kama chapa ina makosa mengi, na isemwe pia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwandishi naye ni mgema. Sifa za kirafiki, zinazotolewa kwa sababu mwandishi ni jamaa au mkubwa wa kazi, humharibu mwandishi na humdanganya msomaji. Mtu akidanganywa mara mbili kwa fedha yake, mara ya tatu hatakuja tena dukani.

Tunajua pia visingizio vitakavyotolewa. Kisingizio cha kwanza ni bei. Ni kweli kwamba kwa mtu wa kipato kidogo kitabu kimoja chaweza kuwa sawa na matumizi ya nyumbani ya siku kadhaa. Lakini hilo ndilo linalofanya mapendekezo yawe ya lazima, kwa kuwa mwenye fedha kidogo hawezi kubahatisha. Tena watu watano wanaoaminiana wanaweza kununua vitabu vitano tofauti na kuvizungusha, kila mmoja akasoma vitano kwa bei ya kimoja. Wawe na daftari tu, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na vitabu vilivyoazimwa kwa maneno matupu vimevunja urafiki mwingi. Zipo pia maktaba za umma. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Dar es Salaam ilifunguliwa mwezi Desemba 1967, na mikoani yapo matawi yake. Wangapi kati yetu tumewahi kuingia humo tangu tulipomaliza masomo?

Hapa tunapenda kutoa onyo. Kupendekeza kitabu si kukidurufu. Imekuwa desturi siku hizi mtu akipenda kitabu kukipiga picha ukurasa baada ya ukurasa kwa simu, kisha kuwatumia rafiki zake mia moja, akidhani kwamba amewafadhili. Ukweli ni kwamba amemwibia mwandishi na kumnyima mchapaji uwezo wa kutoa kitabu kinachofuata. Kuazimana nakala iliyonunuliwa ni ujirani mwema. Kuzalisha nakala ambazo hazikulipiwa ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalikataza jambo hilo. Simu hiyohiyo ingefanya kazi nzuri kama ingetumika kutuma mistari mitatu tu: jina la kitabu, jina la mwandishi, na sababu ya kukipenda.

Kisingizio cha pili ni kukosa nafasi. Kwa hilo tunatoa jibu moja. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na mzigo wa kuongoza nchi changa, aliutafsiri mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, tafsiri yake ikatoka mwaka 1963. Akaongeza Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alisoma kitu akakipenda, na kwa kuwa wenzake wengi hawakuijua lugha iliyotumika, akakiweka katika lugha yao. Pendekezo la kitabu haliwezi kupita hapo. Sisi hatuombwi kutafsiri. Tunaombwa kusema tu.

Ili tusionekane tunahubiri tusiyoyatenda, tunaanza sisi wenyewe. Kwa kijana anayesema kwamba vitabu vinachosha, tunapendekeza Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974, na visa vya mpelelezi wake Willy Gamba; akikiweka chini kabla ya kukimaliza atuambie. Kwa apendaye mafumbo ya taratibu zaidi, upo Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammad Said Abdulla, uliotoka mwaka 1960, ambamo Bwana Msa hutumia akili badala ya bastola. Kwa mfanyakazi, tunapendekeza Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979, kinachosimulia maisha ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Kwa aliyechoka na mji, tunapendekeza Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima. Kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Na kwa wazazi wenye mabinti, tunapendekeza Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku shuleni; miaka ya baadaye shule zilezile zikakifundisha. Kitabu hicho hakikufa, kwa sababu watu walibishana juu yake. Kitabu kinachobishaniwa kina maisha marefu kuliko kinachonyamaziwa.

Orodha yetu ni fupi, na bila shaka wako wasomaji watakaosema kwamba tumeacha vilivyo bora. Na waseme. Hicho ndicho tunachokitaka.

Tunatoa wito kwa walimu watenge dakika chache kila juma, mwanafunzi mmoja asimame awaeleze wenzake kitabu alichokisoma kwa hiari yake, bila ya kupewa alama. Tunatoa wito kwa wakutubi waweke karibu na mlango rafu ya vitabu vilivyopendekezwa na wasomaji wenyewe, kila kimoja kikiwa na kikaratasi cha maneno machache ya aliyekipenda. Tunatoa wito kwa viongozi ambao kila siku huwahimiza wananchi kusoma: siku nyingine, badala ya kusema "someni", watuambie "mimi nasoma kitabu hiki". Neno moja la namna hiyo lina uzito kuliko hotuba ya saa nzima, maana watu hufuata nyayo kabla ya kufuata maneno. Magazeti nayo, likiwamo hili, hayawezi kujivua lawama. Tumeupa mpira kurasa nyingi kila siku, na kitabu kipya tumekipa aya moja siku ya uzinduzi wake, tena aya inayomtaja mgeni rasmi kwa kirefu kuliko mwandishi.

Tangu mwaka 2023 nchi yetu inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Hilo ni jambo jema sana, na waandishi wamelipokea kwa moyo. Lakini tuzo humheshimu mwandishi kwa siku moja. Anayemweka hai mwaka mzima ni msomaji anayemwambia jirani yake.

Jioni ya leo, utakapokutana na rafiki, na yakishakwisha ya nyumbani, ya kazi na ya mvua, mwulize anasoma nini. Kama anasoma, sikiliza. Kama hasomi, usimcheke. Mtajie kitabu kimoja ulichokipenda na umweleze kwa nini. Nawe ukijikuta huna cha kumtajia, basi hapo utakuwa umepata jibu la swali jingine, lenye kukuhusu wewe mwenyewe, na njia ya kwenda maktaba unaifahamu.